Poka: kanuni zake za mwanzo, na jinsi ichezwavyo Olympic

Poka ni jina ambalo watu wa Nairobi hulitumia kwa michezo miwili ya karata isiyo na udugu wowote ila huu wa kuchezwa kwa karata zile zile. Na mgeni atakayeketi barazani pa nyumba moja ya Olympic, mtaa ulioko ukingoni mwa Kibera karibu na Ayany na Karanja, akasikia kwamba hapo inachezwa poka, atakuwa amekosea njia akitia mkono mfukoni kutafuta fedha ya dau, maana mchezo ulio mbele yake aghalabu hautaki fedha hata senti moja, wala haumtaki mtu akusanye karata nzuri, bali ni mbio za kuzimaliza karata zote zilizomo mkononi kabla wenzake hawajazimaliza zao. Mchezo huu, ambao jina lake la pili ni kadi, ndio poka ya Kibera, ya Kawangware ng'ambo ya Ngong Road, na ya Kenya iliyo nyingi. Ule wa pili, poka ya dau, ulizaliwa Marekani na huchezwa katika kasino na katika simu za mkononi. Makala hii yaanza na ule wa nyumbani, kwa sababu ndio aujuao kwanza mtoto wa Olympic, na kwa sababu mazoea yake ndiyo yamponzayo siku akutanapo na ule wa ugenini.

Karata za michezo yote miwili ni zile 52 za kawaida, zilizo katika aina nne za karata 13 kila moja: shupaza na pau, ambazo ni nyeusi, na kopa na uru, ambazo ni nyekundu. Majina haya manne watu wa mwambao waliyapokea kutoka kwa Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa kuanzia mwaka 1593. Lakini karata zenyewe ni za kale kuliko safari za Wareno, kwani asili yake ni Uchina, zikapita Uajemi na Misri ya masultani wa Kimamaluki, na hata leo katika kasri la Topkapi, mjini Istanbul, zimehifadhiwa karata za Kimamaluki zenye alama za vikombe, sarafu, panga na magongo ya polo, ambazo ni mama wa karata zilizoenea Ulaya katika miaka ya 1370. Katika kila aina kuna namba tangu 2 hadi 10, kisha ghulamu, bibi, basha na ree. Vijana wa Olympic watasema jeki, kwini, kingi na esi. Hapa tutashika majina ya wazee. Juu ya hizo 52 huongezwa jokeri mbili, ambazo Wamarekani walizizua katika karne ya 19. Poka ya dau huzitupa kando, ila katika kadi ndizo zenye adhabu iliyo kali kuliko zote.

Kadi huchezwa na watu wawili au zaidi, na watano au sita ni hesabu ya kutosha, maana wakizidi hapo karata za kuokota huisha upesi. Mmoja huzichanga karata, mwenziwe huzikata, kisha kila mchezaji hupewa karata nne (wako wagawao tatu), zilizobaki zikawekwa kifudifudi katikati, na moja ikafunuliwa kuwa ya kuanzia. Karata hiyo ya kuanzia sharti iwe ya kawaida, yaani 4, 5, 6, 7, 9 au 10. Ikitokea nyingine, hurudishwa ndani na kufunuliwa nyingine badala yake. Tangu hapo zamu huzunguka, na kila ajaye huangusha karata iliyolingana na ile ya juu, ama kwa aina, ama kwa namba: juu ya 6 ya uru mtu aweza kuweka uru yoyote, au 6 yoyote. Mwenye karata kadhaa za namba moja aweza kuziangusha zote kwa pamoja, madhali ya kwanza yao inaafikiana na ile iliyoko chini. Asiye na ya kuangusha huokota moja, na zamu ikampita.

Laiti mambo yangeishia hapo, mchezo ungekuwa wa watoto wadogo. Lakini karata zilizosalia, nje ya zile sita za kawaida, kila moja ina amri yake, na utamu wote wa kadi umo katika amri hizo. Karata ya 2 humwamuru afuataye aokote mbili, 3 humwamuru aokote tatu, na jokeri humwamuru aokote tano. Naye aliyeamriwa, iwapo ana karata ya adhabu iliyo sawa na ile aliyopigwa, huiangusha juu yake na kumsukumia mzigo jirani yake, na iwapo ana ree huizima adhabu yote palepale. Ghulamu humruka mchezaji mmoja, na maghulamu wawili wakianguka pamoja huruka wawili. Basha hugeuza mzunguko urudi ulikotoka, na mabasha wawili huurudisha palepale ulipokuwa, kana kwamba hapakutokea neno. Ama 8 na bibi huitwa maswali, na aliyeuliza swali ndiye mwenye wajibu wa kulijibu papo hapo, kwa karata ya aina ile ile. Akikosa jibu huokota moja. Mtu aweza kuyafuatanisha maswali kadiri awezavyo: mwenye 8 ya uru, 8 ya kopa na 4 ya kopa, akikuta 6 ya uru juu ya meza, huziangusha zote tatu kwa mkupuo mmoja, kwani 8 imefuata uru, 8 ya pili imefuata ya kwanza, na 4 ya kopa imelijibu swali. Wachezaji wenye kiburi huzipiga mezani kwa mshindo, moja baada ya moja, na hilo nalo limekuwa katika ada za mchezo.

Ree ina kazi mbili. Kama tulivyosema, huzima adhabu. Na pasipokuwa na adhabu humpa mwenye kuiangusha haki ya kuitisha aina aitakayo, hata kama hailingani na ile ya chini, naye afuataye hana budi kuitii. Kuhusu ree ya shupaza watu wamehitilafiana. Nyumba nyingi huihesabu kuwa ni ree mbili ndani ya moja, hata mwenyewe akaweza kuitisha karata kwa jina lake kamili, mathalan 7 ya pau, si pau yoyote. Nyumba nyingine haziitambui fadhila hiyo, na husema kwamba ree ni ree. Nimeona mabishano mengi ya karata, na yamkini nusu yake yalianzia katika karata hii moja. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza mtu anapoketi na watu asiowazoea, kabla karata hazijachangwa, ni hukumu yao juu ya ree ya shupaza, na la pili ni kama 2 yaweza kujibiwa kwa 3.

Kushinda ni kumaliza, lakini kumaliza kuna masharti mawili, na hapa ndipo wengi huanguka. Sharti la kwanza ni kwamba karata ya kufungia iwe miongoni mwa zile sita za kawaida, ambazo kwa desturi huitwa majibu. Ukihesabu utaona kwamba kati ya karata zote 54 ni 24 tu ziwezazo kuufunga mchezo, na 30 zilizobaki, ijapokuwa zina nguvu za kuwatesa wenzio, hazina uwezo wa kukupa ushindi. Aliyemaliza kwa basha au kwa 2 hubaki mikono mitupu, akingojea zamu yake imrudie ili aokote upya, na wenzake wakimcheka. Ndiyo sababu mchezaji mzoefu huitunza 5 au 9 yake tangu mwanzo, na kuziangusha kwanza zile karata zenye fahari ambazo mwanafunzi huzikumbatia akidhani ndizo mali.

Sharti la pili ni tangazo. Mchezaji ambaye karata zilizosalia mkononi mwake zaweza kuisha katika zamu ijayo sharti aseme kwa sauti, mwishoni mwa zamu aliyo nayo, maneno mawili: "Niko kadi." Asiposema, hata zamu ikimfikia akiwa na jibu safi mkononi, haruhusiwi kufunga, na katika baadhi ya nyumba huokoteshwa karata juu ya hasara hiyo. Mara maneno hayo yatamkwapo, meza nzima hugeuka kuwa adui wa mtu mmoja: aliyezificha jokeri huzitoa, mwenye basha hugeuza mzunguko ili zamu isimfikie, mwenye ree huitisha aina ambayo anadhani mwenziwe hana, na watu waliokuwa wakioneana chuki mizunguko mitatu iliyopita huwa washirika bila kuambizana neno. Hakuna mchezo mwingine nijuao mitaani mwetu unaomlazimisha mtu, kwa kanuni, awaonye adui zake kabla ya kuwapiga. Na akili yote ya kadi, ukiichunguza, ni kuupanga wakati wa kulitoa tangazo lile, lisije mapema mno wakati wote wana silaha, wala lisichelewe hata nafasi ikapita.

Mchezo huu una jamaa wengi duniani. Wamarekani walikuwa na mchezo wa karata za 8 tangu miaka ya 1930, Wajerumani wana wao wauitao Mau-Mau, Wanigeria wana Whot, uliobuniwa Uingereza na William Henry Storey, na mwaka 1971 kinyozi mmoja wa Ohio, Merle Robbins, aliutunga Uno kwa karata zake mahususi. Jinsi jina la poka lilivyopandikizwa juu ya mti huu wa namna nyingine kabisa hapa Kenya ni habari ambayo wachezaji hawajali kuitafuta, wala haiwazuii kucheza wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba, ambapo shule hufungwa na baraza hujaa.

Sasa tugeukie poka ya dau. Mchezo huu ulichipuka mapema katika karne ya 19 katika nchi za kusini ya Marekani, hususan New Orleans na mashua za moshi zilizopanda na kushuka mto Mississippi, na katika mababu zake hutajwa mchezo wa Kifaransa uitwao poque na wa Kijerumani uitwao Pochen. Namna iliyoenea kuliko zote leo ni ile ya Texas, ambayo hutumiwa katika shindano kuu la Las Vegas lililoanzishwa mwaka 1970 na Benny Binion, mwenye kasino ya Horseshoe. Na tangu mwaka 2003, alipolishinda mhasibu mmoja wa Marekani, Chris Moneymaker, aliyekuwa amepata nafasi yake kwa kucheza katika intaneti, wanafunzi wa mchezo huu wameongezeka katika kila nchi iliyofikiwa na mtandao.

Kanuni zake ni chache kuliko zile za kadi. Kila mchezaji hupewa karata mbili, azitazame peke yake. Wawili waliokaa kushoto mwa mgawaji huwa wameweka madau ya lazima kabla ya kuona kitu, wa pili kwa kawaida maradufu ya wa kwanza, ili katikati pasikose fungu la kugombewa. Kisha zamu huzunguka, na kila mmoja ana hiari ya mambo matatu: kulipa kiasi kilichokwisha kuwekwa na wenzake, kukizidisha, au kuzilaza karata zake na kujitoa, akiacha alichokwisha weka. Mzunguko ukikamilika, karata tatu hufunuliwa katikati ya meza, nazo ni za wote. Watu hutoa dau tena, ikafunuliwa ya nne, wakatoa dau, ikafunuliwa ya tano, wakatoa dau la mwisho. Na katika mizunguko hii, pale ambapo hapajawekwa kitu, mtu aweza kupisha bila kulipa. Waliobaki hufunua karata zao, na kila mmoja huchagua tano zilizo bora katika saba alizo nazo, yaani mbili zake na tano za meza. Lakini wote wakijitoa kabla ya kufika hapo isipokuwa mmoja, huyo mmoja huchukua fungu, wala halazimiki kumwonyesha mtu yeyote alikuwa na nini.

Daraja za karata tano zimepangwa kwa uchache wake, na hesabu yake yapendeza kuijua, kwa kuwa hakuna daraja iliyowekwa kwa kupenda tu. Karata 52 zaweza kutoa makundi ya tano tano 2,598,960. Katika hayo, yaliyo zaidi ya nusu, 1,302,540, hayana kitu, na hushindana kwa ukubwa wa karata ya juu, ree ikiwa ndiyo kubwa kuliko zote. Jozi moja hupatikana kwa njia 1,098,240, jozi mbili kwa 123,552, na karata tatu za namna moja kwa 54,912. Juu yake kuna mfululizo, kama 5, 6, 7, 8 na 9 za aina mbalimbali, njia 10,200. Kisha tano za aina moja zisizofuatana, 5,108. Kisha tatu za namna moja pamoja na jozi, 3,744. Kisha nne za namna moja, 624. Na juu kabisa mfululizo wa aina moja, ambao ni 40 tu, na minne katika hiyo ndiyo ile ianziayo 10 na kuishia ree, ambayo mtu aweza kucheza umri wake wote asiione. Mwanafunzi na aangalie jambo moja ambalo huwakosesha wengi: tano za aina moja zaushinda mfululizo, wala si kinyume chake.

Tuseme mtu amepewa basha wa kopa na basha wa pau, jozi ambayo ni karata za pili kwa ubora katika mbili za kuanzia, na kwa haki akazidisha dau, wenzake wakajitoa isipokuwa mmoja aliyelipa kimya kimya. Meza ikafunua 8 ya kopa, 5 ya kopa na ghulamu wa uru. Mwenye mabasha akaweka dau, yule wa pili akalipa. Ikaja 2 ya kopa, na mara hii yule mkimya akazidisha. Karata ya mwisho ikawa 9 ya shupaza, isiyomfaa mtu. Mwenye mabasha ana jozi tu, na kopa zake ni nne, hazitoshi. Mwenziwe, ikiwa alianza na 10 na 4 za kopa, anazo kopa tano, na fungu ni lake. Aliyefundishwa vema angelisoma hilo tangu 2 ya kopa ilipoanguka na mtu aliyekuwa akilipa tu akaanza kuzidisha. Aliyefundishwa na mabasha wake angelipa hadi mwisho. Walakini yamkini vilevile yule mkimya hana kopa hata moja, naye amezidisha kwa ghiliba, akijua kwamba kopa tatu zilizo mezani zinatisha. Na hapo ndipo poka hii huacha kuwa hesabu ya karata ikawa hesabu ya nyoyo.

Kwa hiyo mtu wa Olympic aliyekulia kadi, akiketi kwenye meza ya dau, huja na mazoea matatu ya kumdhuru. La kwanza ni kuona haya kukaa nje: katika kadi kila zamu ni ya kucheza au kuokota, wala hakuna ajitoaye, ilhali katika poka ya dau mchezaji mwema huzilaza karata zake mara nyingi zaidi kuliko azichezavyo, kwani jozi ya kuanzia humjia mara moja tu katika kila 17, na jozi ya ree mara moja katika 221. La pili ni kuziogopa karata zenye picha, ambazo kwao ni mzigo usioweza kufunga mchezo. La tatu, nalo ndilo zito, ni ulimi. Mtu aliyezoea kusema "Niko kadi" hadhani kwamba uso wake pia unasema; hukaa wima apatapo karata njema, hugusa fedha zake kabla ya zamu yake, hutazama meza mara mbili; na wenzake humsoma kama gazeti. Katika mchezo mmoja kunyamaza ni kosa lenye adhabu, na katika wa pili ndiko mtaji.

Sheria nayo huitenga michezo hii. Kadi isiyo na dau ni burudani tu. Mara fedha ziwekwapo, mambo huingia chini ya sheria za kamari, ambazo Kenya ilizitunga mwaka 1966 pamoja na bodi ya kutoa leseni, na kuziandika upya mwaka 2025. Na asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi kabisa. Dini imetangulia serikali katika jambo hili: Qurani, katika sura ya Al-Maida, imeitaja kamari pamoja na ulevi, na wazee wa Kinubi wa Makina, ambao ndio wenyeji wa kwanza wa Kibera, si wepesi kuzionea karata huruma hata zisipokuwa na dau, wakiona kwamba drafti na bao zinatosha. Makanisa mengi ya Kawangware yana rai hiyo hiyo. Vijana hujibu kwamba kuokota karata tano za jokeri ni hasara ya kutosha, na mimi katika hili nipo upande wao, ingawa nakiri kwamba si kila baraza husimamia hapo, na kwamba soda ya mshindi imekwisha kugeuka fedha katika meza zaidi ya moja.

Neno la mwisho ni la msafiri. Jamaa wa karibu wa kadi huko Uganda huitwa matatu, jina ambalo kwa mtu wa Nairobi ni gari la abiria, na humo karata wagawiwazo ni saba, 2 huokotesha mbili na ree hubadili aina kama kwetu, ila 7 ya aina iliyofunuliwa mwanzo huukata mchezo palepale, na walio na karata wakahesabiwa pointi zilizobaki mikononi mwao. Tanzania nao wana lasti kadi, ambayo humtaka mtu atangaze abakiwapo na karata moja. Kwa hiyo Mganda akiketi Olympic akaangusha 7 na kusimama kwenda zake, wenyeji watamwambia aketi, maana zamu imempita tu; naye Mkenya atakayecheza Kampala ni bora aulize, kabla hajapokea karata zake saba, ni aina gani ikatayo.